Shajara ya mradi: daftari la nota, wiki ya kwanza

Naandika hii kila usiku kabla sijalala, mana wiki hii mambo mengi yamekuwa ya mara ya kwanza kwangu na nisipoyaandika yatapotea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Marangu, nina darasa la nne lenye watoto 58, na kanisani naimba sauti ya pili tangu nimeolewa huku. Mradi wenyewe ni hivi: mzee aliyetufundisha kwaya miaka na miaka ameachia ngazi, amenikabidhi daftari lake la nota lenye nyimbo 64, na mimi sitaki lije likae kabatini kwangu liliwe na mende. Nataka lisomwe. Kwaya yetu ina watu 27, waliokuwa wanasoma nota kwa uhakika ni mzee mwenyewe na kaka mmoja wa besi, ile sauti ya chini kabisa ya wanaume, aliyesoma muziki pale chuo cha Makumira, sasa huyo kaka kapata kazi Mwanza na mzee macho yamemgomea, kwaiyo nimebaki mimi ambaye nilijifunza kidogo chuo cha ualimu na kidogo nyingine kwa kuchungulia daftari nikiwa nyuma ya bega lake. Wengine wote tunakariri tu, mzee anaimba sisi tunafuata mpaka inakaa kichwani.

Nilichojiwekea kwa wiki hii: nianze kunakili daftari, nianze kuwafundisha watoto shuleni kusoma ngazi ya do re mi, na Jumapili ijayo kwaya iimbe wimbo mmoja ambao imeusoma yenyewe kwenye karatasi.

JUMAPILI

Ibada ya kwanza, saa moja asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha na njia ya kushuka kanisani ni utelezi mtupu, nimefika nimeshika viatu mkononi. Mzee alikuwa ameshakaa benchi la mbele, si upande wa kwaya, benchi la washarika wengine, nikajua leo ndo leo. Akaniita, akanipa daftari limefunguliwa ukurasa wa 31 akasema, "Mwalimu, simama wewe."

Sijawahi. Miaka kumi na moja nimesimama kwenye mstari wa alto, ndo hiyo sauti ya pili, nikiangalia mikono ya mtu mwingine, leo mikono inayoangaliwa ni yangu, na nyuma yangu kanisa limejaa. Nikatoa do kwa programu ya kinanda kwenye simu, wakapokea, ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, nikaanza kuona raha kabisa, alafu kwenye kiitikio nikaharibu. Ni mimi, si kwaya. Teno, yaani wanaume wa sauti ya juu, walikuwa wanatakiwa kukata na kunyamaza mapigo mawili, mimi nikawashikilia mkono juu, wakaendelea kuvuta sauti peke yao huku wenzao wote wameshanyamaza, na wale kaka ni watiifu, hawakuacha mpaka niliposhusha mkono. Kanisa zima likasikia.

Kwa asiyejua hizi nota zetu, ni herufi tu, d r m f s l t, hakuna ile mistari mitano ya wazungu. Nukta mbili zinatenganisha pigo na pigo. Ukikuta kistari baada ya herufi maana yake endelea kushika sauti ile ile, ukikuta patupu maana yake nyamaza. Koma pembeni ya herufi kwa chini ni sauti ya chini, ikiwa juu ni sauti ya juu. Basi. Ni vitu vidogo mno lakini vyote vina kazi, na ule ukurasa wa 31 umeshikwa na mikono yenye jasho miaka mingi, penseli imefifia, mimi nikaona kivuli cha kistari mahali ambapo palikuwa na uchafu tu wa karatasi.

Baada ya ibada watu wako nje kwenye mnada, mikungu ya ndizi, mayai kwenye kikapu, jogoo mmoja aliyepandishwa bei na kina mama mpaka nikashangaa, mzee akanivuta pembeni karibu na kengele. Nilidhani atanisema. Akasema, "Kistari ni kushika, patupu ni kunyamaza. Pale palikuwa patupu." Kisha akalifunga daftari kwenye kitambaa cha meza akaniwekea mikononi, akasema daktari ameona mtoto wa jicho macho yote mawili, kesho anashuka Moshi kwa vipimo na atakuwa kwa binti yake mpaka Jumamosi. "Zimo tisa nilizotunga mwenyewe, nyingine hata sijawahi kuzifundisha."

Nimerudi nyumbani nimehesabu. Tisa kweli, ameweka herufi za jina lake chini ya kila moja. Maana yake ni kwamba hizo nyimbo tisa duniani ziko mahali pamoja tu, humu ndani ya hili daftari ambalo jalada lake limeshikwa na selotepu. Usiku huu huu nimenakili wa kwanza. Hali ya mradi: 1 kati ya 64.

JUMATATU

Nimeamka na wazo. Nikachukua kiroba cheupe cha sukari, nikakipasua, nikakinyoosha kwa pasi nikiwa nimetanguliza kanga juu yake ili kisiungue, na kwa makapeni nikachora ngazi kubwa, do chini, re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine juu kabisa. Mwalimu mkuu nilimuomba ruhusa nitumie vipindi vyangu vya Sanaa na Michezo, akasema tumia, ila kelele zisiwafikie darasa la saba wana mtihani wa majaribio.

Asubuhi mstarini watoto wameimba wimbo wa taifa kama kila siku, na mimi kwa mara ya kwanza nimeusikiliza kama mwalimu wa muziki, nikaona watoto wanaanza juu mno wakifika katikati wanakwama, wanashuka kienyeji, kila mtu anashukia kwake. Kwaiyo darasani nikaanzia hapo hapo. Nikawaambia huu wimbo mnaoimba kila asubuhi sauti yake ilitungwa na mwalimu kama mimi. Wakaguna. Nikawaambia ndio, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu kwenye shule ya misheni kule Johannesburg na kiongozi wa kwaya, aliutunga mwaka 1897 na aliuandika kwa herufi hizi hizi, ukasambaa kusini yote ya Afrika, na sisi Tanganyika tulipopata uhuru 1961 ukawa wetu kwa maneno ya Kiswahili. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono kwenye daftari la kawaida la shule, walimu wengine wa kwaya walikuwa wanaliazima. Alifariki 1905 akiwa kijana bado. Lile daftari baadae lilipotea.

Hapo mwenyewe nikanyamaza kidogo mana nilikumbuka lililoko kwenye begi langu.

Tukaingia kwenye mikono. Hii ndo sehemu niliyoipenda zaidi siku ya leo. Kila sauti ina mkono wake: do ni ngumi usawa wa kiuno, re kiganja kimeinuka mshazari kama mlima, mi kiganja bapa kinatazama chini kama unamgusa mtoto kichwani, fa dole gumba linaelekea chini, so kiganja kinatazama kifua chako, la mkono umening'inia vidole chini, ti kidole cha shahada kinaelekea juu, kisha do ya juu ni ngumi tena usawa wa paji la uso. Watoto 58 wamesimama wanapanda na kushuka kwa mikono, madirisha yako wazi, mvua inanyesha nje, na hakuna aliyekuwa anachezea kitu chini ya dawati.

Msichana mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, do ya sasa hivi sio ile ya mwanzo." Na kweli, nilikuwa nimeanza upya chini zaidi bila kuwaambia. Swali zuri sana, mana ndo roho ya solfa yenyewe, yaani hizi nota za herufi, do haikai mahali pamoja, do ni pale unapoanzia. Nikamwita mbele, nikaegemeza rula yangu ya mita ukutani ikiwa sakafuni, kisha nikaiweka juu ya meza. Nikamuuliza alama za rula zimebadilika umbali? Akasema hapana. Nikamwambia ndivyo hivyo, ngazi ni ile ile, tumeiinua tu. Akakubali, ila rafiki yake aliyekaa nae hakukubali, wamebishana mpaka kengele ya mapumziko.

Tatizo la leo: fa. Wanapanda do re mi vizuri, wakifika fa wanapitiliza, inakuwa kali, na baada ya hapo so nayo inakosa pa kukaa. Nimeimba mimi, wakafuata wakapatia, nikanyamaza nikawaonyesha kiroba tu, wakakosea tena. Sijui kwa nini.

Nimenakili mbili. 3 kati ya 64.

JUMANNE

Mvua. Nusu ya darasa hawakuja, wa ng'ambo ya mto hawavuki ikinyesha hivi. Hakuna kipindi cha Sanaa leo. Jioni mazoezi ya kwaya walikuja 9, tukaimba tu za zamani tukarudi. Nimenakili mbili nyingine usiku kwa tochi ya simu mana umeme ulikatika saa mbili. 5 kati ya 64.

JUMATANO

Leo ndo siku ambayo sitaisahau na haikutokea kanisani wala shuleni, imetokea jikoni kwangu.

Nimerudi na kiroba changu nimekitundika kwenye ukuta wa jiko la nje ili nitafakari hiyo fa. Binti yangu anasoma darasa la tano, nae nikamfundisha mikono, anafanya huku anachochea moto, mdogo wake wa miaka minne anamuiga. Mama mkwe yuko kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori. Mama ana miaka 78, mtu wa maneno machache, kanisani anakaa nyuma kwa sababu vitabu vya nyimbo havioni tena, na kwa miaka yote niliyoishi nae hajawahi kuniambia kitu chochote kuhusu kuimba, namsikia tu akipumulia puani asubuhi anapofagia uwanja.

Binti akafika la, mkono ukawa umekaa vibaya, vidole vinaelekea pembeni. Mama bila kuacha kisu akanyanyua mkono wa kushoto, ukiwa umejaa utomvu wa ndizi, akauning'iniza vidole chini kabisa, akasema, "La imechoka. Hivi." Akarudi kumenya.

Nilikuwa nimeshika sufuria nikaliweka chini. Nikamwambia, "Mama, wewe unajua hizi?" Akasema, "Nilisoma middle school mimi." Yaani kama vile hilo linatosha! Nikavuta kigoda nikakaa, nikamuomba anieleze, akaeleza kidogo kidogo huku ndizi zinaingia kwenye maji moja baada ya nyingine. Kwamba alikuwa shule ya misheni ya wasichana, wa bweni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila siku jioni baada ya kumwagilia bustani walikuwa na nusu saa ya kuimba, mwalimu wao ana ubao mrefu uliochorwa ngazi na fimbo, anagonga herufi na fimbo, wao wanaimba bila yeye kutoa sauti. Alikuwa alto. Ameolewa, akaja huku, watoto saba, kahawa, ng'ombe, hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema.

Kisha akaangalia kiroba changu muda mrefu. Akauliza, "Hii ngazi kachora nani?" Nikasema mimi. "Mbona fa yako imekaa mbali na mi?"

Sikuelewa. Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akasogea mpaka ukutani kwa sababu ya macho, akaweka vidole viwili, kimoja kwenye mi kimoja kwenye fa, akavikusanya pamoja. "Hizi ni ndugu, zinakaa karibu. Na ti na do ya juu hivyo hivyo. Nyingine ndo zinaachana." Akaimba, sauti nyembamba imekwaruza lakini iko pale pale inapotakiwa, mi, fa, mi, fa.

Yaani nilichora herufi zote kwa nafasi sawa kwa sababu nilitaka kiroba kipendeze! Mi na fa ni nusu hatua, ti na do ni nusu hatua, nyingine ni hatua nzima, hilo nililisoma chuo nikalijibia mtihani, lakini sikuwahi kufikiria kwamba lazima lionekane kwenye mchoro. Watoto wangu walikuwa wanasoma kile nilichowachorea. Niliwachorea fa iko juu, wakaimba fa iko juu. Hawakukosea hata kidogo.

Usiku nimekaa na simu nasoma nikakuta huko Uingereza aliyeanzisha habari hizi ni mwanamke, Sarah Glover, alikuwa anafundisha watoto kuimba mji wa Norwich, na mchoro wake aliuita hivyo hivyo, ngazi. Mchungaji John Curwen akaichukua akaiboresha akaisambaza karne ya 19, wamisionari wakaibeba. Nimemsomea mama. Akasema, "Mwalimu wetu nae alikuwa mwanamke." Alafu akaniuliza kama lile daftari ninalonakili kila usiku lina sauti ya pili, nikasema lina zote nne, akaomba nimsomee herufi za alto za wimbo mmoja. Nikasoma, s s l s, akawa anazigeuza sauti hapo hapo na macho amefumba. Tumekaa mpaka saa nne. Nimenakili moja tu leo na sijali. 6 kati ya 64.

JUMATANO BADO, nimesahau: baba watoto amepiga simu kutoka Arusha nikamhadithia, hata yeye hakujua. Mtoto wake wa kumzaa hakujua.

ALHAMISI

Nimechora ngazi mpya nyuma ya kile kile kiroba, mi na fa zimesogeleana, ti na do zimesogeleana. Nimeingia darasani sikueleza kitu, nimetundika tu, nikagonga na rula. Do, re, mi, fa. Ikakaa. Nikarudia mara tatu kuhakikisha. Yule msichana wa swali la Jumatatu akasema mwalimu umeibadilisha, nikawaambia ndio, niliyowachorea mwanzo haikuwa sahihi na aliyenisahihisha ni bibi mmoja aliyesoma zamani. Wakataka kujua ni bibi wa nani.

Baada ya hapo nikagonga kwa kuruka, do mi so, so mi do, do fa, wanapatia, si wote, ila ukisikiliza kwa ujumla darasa linapatia.

Jioni kwaya walikuja 19. Hapa sikufurahi sana. Nimegawa wimbo niliouchagua, mmoja wa zile tisa za mzee, wa mavuno, ukurasa wa 12, mfupi, beti mbili, haujawahi kuimbwa na mtu yeyote. Nimeuchagua kwa makusudi, mana wimbo unaojulikana watu watadai wanasoma kumbe wanakumbuka. Baba mmoja wa besi, ni mzee wa kanisa na mwanakwaya wa siku nyingi, akasimama kwa heshima akasema, mwalimu, sisi tunaimba kwa masikio tangu utoto na Mungu anapokea, hizi herufi zitatuchelewesha, Jumapili tutaaibika. Nimemsikiliza na nimelala nikilifikiria, kwa sababu hakusema uongo. Yule baba anajua besi ya nyimbo zaidi ya mia kichwani na hajawahi kupotea sauti hata soprano wakimvuta vipi. Masikio yake ni kipaji na sitaki adhani nakidharau. Nilichomjibu ni kwamba, baba, wewe ukisafiri, besi ya mavuno atamfundisha nani kijana aliyeingia jana? Akakaa. Sijui kama nilimjibu vizuri. Tumeshika mistari miwili tu ya kwanza, sauti moja moja, nikigonga kwenye kiroba.

IJUMAA

Nimeshuka steshenari Marangu Mtoni kutoa fotokopi ya daftari, nikidhani nitarahisisha. Kurasa za kalamu ya wino zimetoka vizuri, za penseli zimetoka karatasi nyeupe kabisa, hata zile za mzee mwenyewe nyingi ni penseli. Kijana wa mashine ameongeza wino mara mbili, bado. Kwaiyo ni mkono tu. Nimezipiga picha zote kwa simu kwanza, kila ukurasa, nikamtumia na baba watoto aziweke kwake, ili hata daftari likipata shida pawe na kitu.

Alafu nimejaribu kitu kipya. Kipindi cha mwisho nimechukua watoto sita wenye mwandiko mzuri, kila mmoja nikampa wimbo mmoja, niliotoa kwenye picha za simu nikauandika upya kwa ukubwa ubaoni, wanakili kwenye karatasi. Wameandika vizuri, nimesahihisha mmoja mmoja, na nimejifunza wapi pa kuangalia: wote wanakumbuka herufi, wanachosahau ni koma. Mtoto ameandika t bila koma yake, ti ya chini imekuwa ti ya kawaida, besi ambaye alitakiwa kushuka hatua moja ndogo chini ya do anatakiwa sasa kuruka juu karibu ngazi nzima. Nikamwambia uimbe ulichoandika. Akajaribu, akacheka, akaenda kuweka koma mwenyewe. Nne zimepita, mbili warudie Jumatatu. 10 kati ya 64.

JUMAMOSI

Mazoezi saa tisa. Nilimwambia mama juzi, nikamwambia jana, leo sikumwambia, nikakuta ameshavaa kitenge chake cha kanisani amekaa uwanjani ananisubiri.

Tumeshuka polepole, ameshika bega langu kwenye utelezi. Nikamkalisha mwisho wa benchi la alto. Kina mama wakamsalimia shikamoo bibi, marahaba, wakadhani amekuja kumsindikiza mkwe wake. Kwenye mstari wa tatu wa wimbo wa mavuno alto inabaki sehemu moja mapigo mengi, so, so, so, wakati soprano wanapanda, na hapo ndo alto wote huwa wanavutwa juu, hata mimi nikiwa kwenye mstari huwa navutwa. Tumerudia mara nne wanavutwa. Mara ya tano ikasikika sauti nyembamba kutoka mwisho wa benchi, so, haisogei, kama msumari. Mama amefumba macho, mkono wa kushoto uko mapajani, kiganja kinatazama tumbo. Dada aliyekaa pembeni yake akageuka kumwangalia, akasogeza sikio, akabaki nae. Wa pembeni yake nae akabaki. Mara ya saba mstari mzima wa alto ukakaa.

Yule baba wa besi nae leo alikuja na karatasi yake imekunjwa mfukoni, amechorea duara kila mahali penye patupu. Hakusema neno na mimi sikusema neno.

Mzee amerudi kutoka Moshi, upasuaji wa jicho la kwanza umepangwa mwezi ujao. Sikumwambia tunaimba nini. Nimenakili moja baada ya chakula. 11 kati ya 64.

JUMAPILI

Ibada ya kwanza. Nimetoa do kwa sauti yangu, simu nimeiacha nyumbani. Watu 24 kwenye kwaya, 25 na mama, ambaye hana sare, amevaa kitenge chake na amesimama.

Ubeti wa kwanza umeenda. Ubeti wa pili kwenye mstari wa tatu alto wamepotea, wameingia pigo moja kabla, niliona kabisa nyuso zimebadilika. Zamani hapo wote wangeniangalia mimi, nifungue mdomo niwaimbie. Leo waliinamisha macho kwenye karatasi. Mapigo mawili hivi walikuwa kimya, kisha wakaingia wote pamoja kwenye so, mahali penyewe, wakaendelea mpaka mwisho. Teno wamenyamaza pale patupu.

Mzee alikuwa benchi la mbele, kichwa amekiinamisha upande, na ilimchukua muda kutambua. Niliona tumefika kiitikio ndo mdomo wake ukaanza kusogea, besi, yale maneno yake mwenyewe. Baada ya ibada amepita kwenye mnada bila kununua kitu amekuja moja kwa moja, nikamuamkia, akaitikia, akauliza, "Nani alikuwa anashika alto pale?" Nikamwonyesha mama. Wamesalimiana kwa Kichaga, muda mrefu, mimi nimesimama nimeshika daftari. Walisoma miaka ile ile, shule mbili tofauti, na wanakumbuka fimbo na ule ubao wa ngazi.

Wiki ijayo: watoto wawili warekebishe koma zao, nitafute kiroba kingine nichore ngazi ya kuacha kanisani, na mzee amesema Jumatano jioni atakuja nyumbani tukae nae na mama, anisomee kwa kumbukumbu zile kurasa tatu za penseli ambazo hata kwenye picha hazionekani. 53 zimebaki. Kesho mimi ni mwalimu wa zamu, natakiwa niwe getini saa moja kasoro.